Lita za Ubao, Kilo za Mtu

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa Machi, saa nne na robo asubuhi. Fundi vitanda anaikumbuka saa hiyo. Alikuwa amesimama mchangani, tayari kumpigia makofi binti yake.

Binti alikuwa anajifunza mchezo wa ubao wa tanga. Unasimama juu ya ubao, unashika tanga kwa mikono miwili, upepo unakupeleka. Kwenye maji tulivu alikuwa hodari. Siku hiyo alitaka kuanza mawimbi, kwa sababu tarehe nane Juni kulikuwa na jaribio. Atakayegeuka vizuri juu ya wimbi na kurudi salama angeajiriwa kuwa mwalimu wa ufukweni. Nafasi ilikuwa moja tu.

Baba yake ndiye aliyemchagulia ubao. Katika stoo ya ufukweni mbao zote zilikuwa za bluu. Fundi alimwambia binti alale juu ya kila ubao, kama anavyowapima wateja wake wa vitanda. Miguu isining'inie, kichwa kipate nafasi, kisha uongeze shubiri moja.

"Huu hapa," alisema. "Hata ukijigeuza usingizini huanguki."

"Baba, naenda kulala huko?"

Walicheka. Mlinzi wa stoo hakuinua macho kwenye simu yake.

Wimbi la kwanza liliunyanyua ubao kama jani. Binti aliuegemea ili ugeuke. Haukugeuka. Uliruka, ukadunda, ukaenda ulikotaka wenyewe. Wimbi la pili likampindua. Alitolewa majini na bega limeteguka, mdomo umejaa mchanga.

Fundi alikwenda ofisini. Mkuu wa ufukwe alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka.

"Pole, mzee. Michezo ya bahari ina hatari zake," alisema, akazunguka kutazama dirisha.

Hayo ndiyo maneno yao wakubwa. Mke wa fundi alipofariki hospitalini, mumewe alipewa pole ya namna hiyohiyo, na mtu wa namna hiyohiyo.

Siku zilizofuata zilipita kama ndoto. Binti alilala mchana kutwa kwenye kitanda ambacho hakijapigwa msasa. Mwanga wa bahari uliingia dirishani na kuchezacheza darini. Vumbi la mbao lilielea ndani ya mwanga huo, polepole, bila kuanguka. Fundi aliweka randa chini akalitazama. Wakati mwingine alihisi nyumba nzima inaelea, yeye, binti, na vitanda visivyo na wenyewe.

"Baba," binti alisema siku moja, "bahari imenikataa. Nitafute kazi nyingine."

Fundi aliokota randa yake.

Ukuta mmoja tu uliwatenganisha na chumba cha Mama Uzi. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu, na kazi yake ilikuwa kushona matanga yaliyochanika. Cherehani yake ilinyamaza. Punde akaingia bila hodi, sindano imechomekwa kwenye kola.

"Shemeji, nasikia ulimlaza mtoto juu ya ubao kama maiti."

"Nilimpima. Ningempimaje?"

"Hapo ndipo ulipotia kitumbua mchanga. Kitanda hupimwa kwa urefu. Ubao hupimwa kwa lita."

"Lita? Ubao unanyweka?"

"Hebu nipe dumu tupu la lita tano na zile pakiti zako za misumari."

Alilifunga dumu kwa nguvu, akalitumbukiza kwenye pipa la maji nje ya karakana. "Lizamishe."

Fundi alilisukuma. Dumu lilimsukuma mkono, likachomoka juu.

"Lita moja ya maji ina kilo moja," Mama Uzi alieleza. "Kwa hiyo dumu la lita tano linaweza kubeba kama kilo tano majini. Funga misumari kilo nne."

Dumu lilielea. Wakaongeza kilo ya tano. Ukabaki mfuniko tu nje. Walipofikisha kilo saba, dumu lilikwenda chini kimyakimya. Fundi aliliangalia likishuka.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. "Mimi nina kilo hamsini na nane," alisema.

"Usijihesabu peke yako. Ubao wenyewe kilo saba. Mlingoti na tanga kilo tisa. Nguo zilizolowa na mkanda, kilo mbili."

Fundi alipiga hesabu kwa penseli kwenye kipande cha ubao. "Sabini na sita."

"Basi ubao wa lita sabini na sita utambeba kwa shida, maji yakimfika miguuni. Pwani yetu upepo hulegea nyuma ya mawimbi. Kwa hiyo mwongezee kidogo, kama lita kumi. Atafute wa themanini na tano hivi. Upepo ukiwa mkali sana na yeye akishazoea, atashuka chini ya hapo."

"Na ule niliomchagulia?"

Walikwenda stoo. Mama Uzi alikwangua rangi ya bluu kwa ncha ya mkasi. Chini yake ikatokea namba: 138.

"Huu si mbaya," alisema. "Ni wa kujifunzia kwenye maji tulivu. Haukuzamishi. Ila kwenye mawimbi unaelea mno. Ubavu wake haukamati maji, ndiyo maana haugeuki. Wimbi linaubeba na wewe ukiwa juu. Na ukichukua mdogo mno, upepo ukikatika unazama nao."

Fundi alitoa macho. "Kumbe namba zipo! Nani kazipaka rangi?"

"Mgeni mkubwa alikuja mwaka juzi. Ofisi ikataka stoo ipendeze."

Walikwangua hadi wakapata wa lita themanini na sita. Ulikuwa mfupi, mwembamba, kichwa chake kimeinuka. Fundi aliuona kama mtoto wa ule mwingine.

Bega lilipopona, binti alianza tena, siku za mawimbi madogo kwanza.

"Baba, tuwaambie na wenzangu," alisema. "Hasa Mrefu."

Mrefu alikuwa kijana wa kilo themanini na nane, naye alikuwa katika jaribio.

"Hiyo ni kazi ya ofisi," fundi alijibu. "Wanalipwa kwa hilo. Wewe fanya mazoezi. Nitakwenda ofisini kuwaambia."

Alikwenda kweli. Mkuu alisema atalifikiria. Fundi akarudi nyumbani. Binti akaamini Mrefu ataambiwa.

Siku ya jaribio bahari ilikuwa na rangi ya maziwa. Binti aliingia mawimbini. Wimbi liliinuka, naye akapanda pamoja nalo, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi usingizini. Aliegemea kisigino. Ubao uligeuka. Aliegemea vidole, ukageuka tena. Fundi hakupiga makofi. Aliogopa atamwamsha.

Kisha ikawa zamu ya Mrefu. Alikuwa na kiubao kidogo cha bluu, alichokipenda kwa sababu kilionekana chepesi. Alivuka mawimbi mawili kwa kasi. Nyuma ya la tatu upepo ulikatika. Maji yalimfika magotini, halafu mapajani, halafu likabaki tanga tu. Alirudi akiogelea huku akiuburuta ubao. Alikaa mchangani, uso ndani ya mikono.

Nafasi alipewa binti.

Jumatatu, kabla ya kuwafundisha wanafunzi, mwalimu mpya alikwangua rangi kwenye mbao zote, akaandika namba upya kwa wino mweusi. Aliweka mzani mlangoni. Hakuna aliyechukua ubao bila kupima uzito. Tangu hapo hakuna aliyetolewa majini kwa kubebwa.

Jioni ya Jumatatu hiyo aliporudi, alikaa kwenye kona ya kitanda kipya.

"Leo nimempima Mrefu," alisema. "Nikampa wa lita mia moja na kumi na tano. Baba, anageuka vizuri kuliko mimi."

"Wale wa ofisini walipaswa kumwambia," fundi alisema. "Watu wabaya sana wale."

"Ndiyo, walipaswa."

Cherehani ya Mama Uzi ilikuwa ikienda upande wa pili wa ukuta. Binti alimgeukia baba yake, bila hasira.

"Na wewe, baba, uliyekuwa unajua, mbona hukumwambia?"