Alama za Nguzo ya Dungu

Nilipokuwa mdogo nilipenda mafuriko. Msinicheke. Sisi watoto wa bonde la Mkongo tulikuwa hivyo.

Masika yakikaza, tulihamia dunguni. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba la mpunga. Unapanda kwa ngazi. Maji yalipita chini yetu polepole, na mtumbwi tuliufunga kwenye ngazi. Mama alipika humo humo juu, kwenye jiko la udongo. Moshi ulikausha mbegu za mpunga zilizoning'inia darini ndani ya vibuyu. Baba, Mzee Mfaume, alivua kambale akiwa amekaa mlangoni. Jamani, ule wali wa kambale. Nimeutafuta miaka na miaka.

Kila mwaka, maji yakifika kimo chake cha juu, baba alichukua panga akakata alama kwenye nguzo. Kila alama ilikuwa na jina. Moja iliitwa mwaka wa nzige. Nyingine, mwaka aliozaliwa mdogo wangu Saadi. Ya juu kabisa aliiita Mwisho.

Baba alipofariki, mimi na Saadi tulihamia mlimani, karibu na shule. Mama yetu, Bi Mwanahawa, hakutaka kusikia. Kila masika alirudi dunguni kulinda mbegu za baba.

"Mama, maji ya siku hizi si yale," Saadi alimwambia mwaka mmoja.

"Maji hayajawahi kuvuka Mwisho," mama akajibu. "Baba yenu alipima mwenyewe. Au alikuwa mwongo?"

Mama yetu ana maneno, sikwambii. Akashuka zake dunguni.

Mwaka huo maji yalivuka Mwisho kati ya asubuhi na adhuhuri. Tulimkuta mama juu ya paa, amekumbatia kibuyu kimoja cha mbegu. Nyingine zote zilikwenda na maji. Tulimshusha kwenye mtumbwi. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia mpaka tukafika nchi kavu.

Maji yalipokauka, alikuja Theopista, afisa kilimo wa kata. Ni mtu wa Bukoba, lakini kijijini kwetu ni kama ndugu. Alishika daftari na futi ya kupimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kuomba. Watafiti wanataka kujua zamani maji yalifika wapi. Huku hakuna aliyeandika. Lakini nasikia mzee alikata alama."

Mama akamshika mkono, akampeleka shambani mwenyewe. Nguzo ilikuwa imeinama kidogo. Theopista alipima kila alama, akauliza jina lake, akaandika. Mama alieleza mpaka jua likawa kali. Tangu msiba sikuwahi kumsikia akimtaja baba kwa furaha namna ile.

"Kwa hiyo mume wangu hakukosea," mama akasema.

"Hakukosea, mama. Lakini alama zinaonyesha maji yaliyokwisha kupita. Hazijui yatakayokuja. Huko juu miti imekatwa, na mvua ya mwezi mzima inanyesha kwa siku chache. Zamani maji yalipanda kwa wiki. Sasa yanapanda kwa saa. Ukisubiri yafike juu, umechelewa."

"Basi tuing'oe nguzo?"

"Hapana. Zamani mliangalia alama ya juu. Sasa tuangalie ya chini."

Mkutano wa kijiji ulikubali. Alama ya chini kabisa ilipakwa rangi nyekundu. Maji yakiigusa, watu wote wa bondeni wanaondoka siku hiyo hiyo, wazee na watoto kwanza. Saadi alipewa kazi ya kutazama nguzo na kupokea simu kutoka vijiji vya juu ya mto. Ghala la mbegu likajengwa mlimani. Mama alitoa sharti moja: jiko la udongo liwe kando yake, mbegu zipate moshi. Wakamjengea. Mbegu za kile kibuyu kimoja tulizipanda, tukavuna, tukaweka mbegu ghalani.

Masika ya mwaka jana, maji yaligusa rangi nyekundu. Saadi akapuliza filimbi. Nilikimbia bondeni nikijua nakwenda kugombana na mama. Nikamkuta njiani anapanda mlima, kibuyu kichwani, anawahimiza majirani.

"Ulikuwa wapi, Zaitun?" akaniuliza. "Mbona unachelewa?"

Kufika kesho yake maji yalikuwa yamepita Mwisho. Sisi tulikuwa mlimani, tumehesabiana, tumetimia.

Maji yaliposhuka, mama alichukua panga la baba. Saadi akamshikia ngazi, mama akakata alama mpya juu ya Mwisho.

"Hii inaitwaje?" Theopista akauliza, daftari mkononi.

Mama akafikiri kidogo. "Andika hivi: mwaka ambao hatukumtafuta mtu."

Mwaka huu tumevuna. Jioni ya kwanza tulipika wali kwa kambale, mlimani kwetu. Mama alionja, akasema baba angeongeza chumvi. Kisha akala sahani mbili. Mimi nilitia tonge mdomoni. Ulikuwa wali ule ule.