Huyu Nimembana Hewa

Saa sita mchana, korido ya hospitali imefurika wagonjwa mpaka mlangoni, fundi mitungi anasukuma toroli lake la gesi kwa pupa kama kawaida yake. Gurudumu likapanda juu ya kiatu cha dada mmoja aliyevaa koti jeupe juu ya gauni la kijani kibichi.

"Kaka, hicho ni kiatu, si barabara!"

"Samahani, dada. Natafuta maabara ya seli. Nasikia kuna mtu anasubiri naitrojeni kama anasubiri posa."

"Mtu huyo ni mimi. Na posa sisubiri."

Dada alijikaza asicheke, akashindwa. Fundi naye akapenda palepale.

"Wenzako wananililia oksijeni. Wewe naitrojeni ya nini?"

"Ya kuifukuza hiyo oksijeni. Naijaza kwenye kabati la seli, hewa inapungua, kisha natazama zinafanyaje."

"Maskini, seli!"

Miezi miwili ikapita, mapenzi yakakolea. Lakini fundi hakuwa mtu wa kutulia. Asubuhi alipiga simu kuuliza kama mpenzi ameamka, saa nne kama amekunywa chai, saa tano kwa nini hakupokea ile ya saa nne.

"Laazizi, uko wapi?"

"Palepale uliponiacha dakika kumi zilizopita, mpenzi. Simu haziingii kwenye chumba cha seli, nimeshakwambia."

Dada yake fundi alimwonya, "Mdogo wangu, mwanamke si mtungi, huna haja ya kumpima kila saa." Likaingia sikio hili, likatokea la pili.

Kisha kampuni ikataka kumhamishia mji mwingine kwa miezi sita. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Jumatatu fundi akamkamata mpenzi wake mtafiti kwenye ngazi za hospitali, hata jasho halijamkauka.

"Nioe. Yaani, nikuoe. Ukikubali nabaki, ukikataa naenda."

"Niache nipumue kwanza, mpenzi. Niko katikati ya jaribio."

Amwache wapi! Kufika Alhamisi alikuwa amempigia mara kumi na tisa. Siku hiyo alipeleka mtungi, akakuta mlango wa ofisi ya maabara uko wazi kidogo. Mtafiti alikuwa anaongea na simu, amegeukia dirisha.

"Ndiyo, mwalimu. Huyu nimembana hewa siku tatu. Alikuwa ameng'ang'ania wenzake, sasa ameachia, anajiendea zake." Akacheka. "Wala simwonei huruma. Kesho asubuhi namgandisha, namaliza kazi."

Siku tatu! Jumatatu mpaka Alhamisi! Fundi aliuacha mtungi mlangoni bila hata kudai sahihi, akamwandikia bosi wake neno moja, "Naenda," kisha akazima simu.

Ijumaa mtafiti akamfuata mwenyewe ghalani, koti jeupe katikati ya mitungi yenye kutu.

"Mtungi umeutelekeza, simu umezima. Nimekukosea nini?"

"Nenda kamgandishe huyo uliyembana hewa!"

Mtafiti akaduwaa. Halafu akacheka mpaka akaegemea mtungi.

"Seli! Nilikuwa namsimulia mwalimu wangu habari za seli!"

"Seli ni 'hii'! Tangu lini seli ikawa 'huyu'?"

"Shinda nazo miaka miwili, na wewe utaziita huyu. Twende ukaone kabla sijazigandisha."

Kwenye hadubini alimwonyesha kwanza zilizopata hewa ya kutosha: zimejaa vizuri, zimeshikana bega kwa bega. Kisha zilizokoseshwa. Hizi zilikuwa nyembamba, ndefu, nyuzi zao za ndani zimenyooka kuelekea upande mmoja, kila moja imewaachia jirani zake na kushika njia.

"Nani kazifukuza?"

"Hakuna. Zimekosa hewa tu. Umbo linabadilika, mshiko unalegea, zinaanza kutambaa. Hazimchukii mtu."

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa mtu wa pupa, lakini mjinga hakuwa.

"Na mimi nimekubana?"

"Mara kumi na tisa kwa siku nne."

"Niliogopa kukupoteza."

"Najua. Nakupenda pia, ndiyo maana sikukufokea."

"Nimeshamwambia bosi naenda. Jibu langu je?"

"Nenda. Jibu litakufikia. Sharti langu moja tu: usinipigie wewe."

Jumapili akapanda basi la mbali, shati limepigwa pasi na dada yake. Simu aliiweka mfukoni, akaitoa, akaikalia, akaitoa tena. Mara mbili kidole kilifika kwenye jina la mpenzi wake, mara mbili akakirudisha. Abiria wa pembeni akamuuliza kama anaumwa. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Fundi akajiambia kwamba basi, hili ndilo jibu lenyewe.

Simu ikaita.

"Uko wapi, mchumba?"

Fundi alisikia neno la mwisho tu.

"Rudia."

"Nauliza, uko wapi?"

"Lile la mwisho."

"Mchumba," akasema, sauti imejaa kicheko. "Haya, kata simu, nina kazi."

Na fundi, kwa mara ya kwanza, akakata.