Lenzi Nzuri na Mpaka wa Mama Kunigunda

Ndugu zangu wa Mbinga, na ninyi wa ufukweni mnaopanda huku kuuza usipa, dagaa wa ziwa letu, nina jambo la kuwasimulia. Silisimulii ili kumsema mtu. Mwenyewe ameniruhusu, na sehemu ya kosa ni yangu.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, mwaka juzi, Mama Kunigunda wa Mpepai alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Watu walikuwa wametoka misani. Mvua ilikuwa imekatika, na mashimo ya ngoro tunayolimia mlimani yalishika maji kuanzia uani hadi bondeni, mahindi machanga yakisimama kwenye kingo zake. Wajukuu watatu walikuwa wakigombea viazi vya kuchemsha. Hao ni watoto wa binti yake Ephrasia, aliyefiwa na mume huko Litumbandyosi akarudi kwa mama yake kabla ya Krismasi.

Mtoto wake wa kiume, Ladislaus, alikuwa amekuja kuwasalimia. Huyu mnamjua. Ndiye aliyepiga video harusi zenu na komunio za watoto wenu.

"Ladi, baba," mama akasema, "hiyo kamera yako inaweza kunichukua nikitembea?"

"Inaweza, mama. Unataka kuigiza?"

"Nimeigiza vya kutosha na marehemu baba yako." Wakacheka wote. Kisha mama akaweka ungo chini. "Sikilizeni. Ntambo huu, mlima wetu huu, mimi na baba yenu tuliugawa wenyewe. Upande wa juu, wenye kahawa, ni wa Ephrasia. Shahidi alikuwa mzee Tobias, naye tumeshamzika. Nimebaki mimi. Nataka nitembee mpaka wote nikiuonesha kwa kidole."

"Si tuandike tu, mama?" Ephrasia akauliza.

"Karatasi watasema mliniwekea maneno mdomoni. Lakini miguu yangu, nani atasema si yangu?"

Ladislaus aliguswa. Nataka muelewe hilo: aliguswa kweli. Ndiyo maana akasema, "Nitakupiga video, mama, lakini si kwa lenzi hii. Hii ni ya kuanzia tu, ilikuja na kamera. Ngoja nipate lenzi za sinema. Nikutengenezee kitu ambacho hata wajukuu watakiangalia."

"Sawa, baba. Ila miguu hii haingoji sana."

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nina studio ndogo karibu na stendi ya Mbinga. Kazi hii sikusomea shule; nilijifundisha kwa vitabu vya maelekezo na kwa kuharibu vitu. Ladislaus alikuja na daftari akaniambia, "Kaka Florian, nisaidie kuchagua."

Nikamsaidia kwa utaratibu. Nilimweleza kuwa kamera yake ina kihisi kikubwa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, aina wanayoiita fulu fremu, kwa hiyo lenzi iwe imetengenezwa kujaza kihisi hicho, la sivyo pembe za picha zitakuwa nyeusi. Nikamwambia lenzi za sinema hazivuti karibu wala mbali, kila moja ina umbali wake, hivyo anunue za seti moja ili rangi ya ngozi isibadilike kutoka lenzi hadi lenzi. Aangalie pete ya fokasi, ile ya kunoa picha, iwe na mzunguko mrefu na laini. Ajue pia kuwa kamera haitamtafutia fokasi; ataizungusha kwa mkono wake. Tukaongea uzito, tukaongea tundu la mwanga. Saa mbili nzima.

Swali moja sikumwuliza. Mtaliona mbele.

Mwezi wa tatu lenzi ya kwanza ikaja kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa ya kihisi kidogo. Pembe nyeusi, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akairudisha. Mwezi wa tano ikaja ya milimita hamsini. Nzuri sana. Ephrasia akampigia simu.

"Kaka, mama leo ameamka vizuri. Njoo."

"Dada, bado ya themanini na tano. Hiyo ndiyo ya uso. Subirini kidogo."

"Mpaka una uso, kaka?"

Alidhani dada yake anatania. Aliniambia habari hiyo huku akicheka, nami nikacheka.

Ya themanini na tano ikafika mwezi wa saba, wakati wa kuvuna kahawa, jua kavu, njia kavu, na mama bado anapanda mlima kwa fimbo moja. Je, Ladislaus alikwenda Mpepai? Alikwenda Mbamba Bay. Alitaka kwanza kuijaribu kwenye mwanga wa ziwani. Alikaa siku kumi akipiga video za mitumbwi na usipa ulioanikwa kwenye vichanja, samaki mmoja ukimwona hadi magamba, na ziwa zima nyuma yake limeyeyuka kuwa rangi ya buluu, maana tundu la mwanga alilifungua lote. Alinitumia klipu. Nikamjibu, "Hapo umefika." Hayo ni maneno yangu, yamo kwenye simu yangu hadi leo.

Mwezi wa nane miguu ya mama ikavimba. Wakampeleka hospitali, wakarudi na dawa za moyo.

Mwezi wa tisa Ladislaus akaenda. Mama alivaa kitenge cha sikukuu. Ephrasia alimshika mkono wa kushoto, fimbo ikawa mkono wa kulia, na wakapanda taratibu, wakipumzika kila baada ya ngoro tano au sita. Safari ambayo zamani aliimaliza kabla chai haijapoa iliwachukua tangu asubuhi hadi alasiri. Ladislaus alifungua tundu la mwanga hadi mwisho, akasimama hatua chache kutoka kwa mama, akazungusha fokasi machoni pake.

"Unaanzia hapa," mama akasema akihema, "unakwenda mpaka kwenye mkuyu ule pale. Halafu unashuka na lile jiwe, unakata kwa huku, mpaka kijito." Akaegemea fimbo. "Ladi, mkuyu unaonekana?"

"Unaonekana, mama. Usigeuke, angalia huku kwangu."

"Na jiwe?"

"Kila kitu, mama. Umependeza."

Ephrasia anasema mama alitabasamu hapo, akasema, "Basi sasa nimemaliza."

Alifariki wiki ya kwanza ya mvua.

Baada ya arobaini, ukoo ukaketi sengu, kama ilivyo desturi yetu: kwanza watu hula pamoja, ndipo huzungumza. Mdogo wa marehemu baba yao, Mzee Mansuetus, alisema upande wa juu ni wa ukoo na haujawahi kugawiwa. Simwiti mwovu. Huenda ndivyo alivyoamini. Siku ya kugawa hakuwapo.

"Shikamoo, baba mdogo," Ladislaus akasema. "Mama ameacha ushahidi."

"Marahaba. Uoneshe, mwanangu. Maneno ya shemeji yangu siwezi kuyakanyaga."

Tukafunga shuka jeupe ukutani, nikawasha projekta yangu. Mama Kunigunda akatokea. Watu walilia. Kila kunjo la uso wake lilionekana, jasho kwenye paji, unyevu wa macho. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile hapa kwetu. Akainua mkono, akanyoosha kidole, akasema, "Mkuyu ule pale."

Na pale hapakuwa na kitu. Palikuwa na madoa ya kijani, mviringo juu ya mviringo, laini kama sabuni kwenye maji. Jiwe lilikuwa wingu la kijivu. Mlima wote uliyeyuka nyuma ya uso wa mama, kama ziwa lilivyoyeyuka nyuma ya samaki.

Mzee Mansuetus alisogea hadi kwenye shuka, akakodoa macho.

"Rudisha, Florian." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu akageuka. "Mikuyu kwenye ntambo ule iko minne. Shemeji anaonesha upi?"

"Ule wa juu kabisa, baba mdogo," Ephrasia akasema. "Mimi nilikuwapo, nilimshika mkono."

"Wewe ndiye unayepewa, binti yangu. Huwezi kuwa shahidi wako mwenyewe."

Akamgeukia Ladislaus. Ladislaus alikuwa ametazama chini. Siku ile jicho lake lilikuwa kwenye pete ya fokasi. Hakuona kidole kilielekea wapi.

Sengu likaamua kwa mkuyu wa chini. Kahawa yote ikabaki nje ya mpaka wa Ephrasia, upande wa ukoo. Ephrasia hakupiga kelele. Alikusanya sahani zilizoliwa, akamwambia kaka yake kwa sauti ndogo, "Ile lenzi ya kuanzia ingemwona mama vibaya. Lakini na mkuyu ingeuona."

Sasa Ephrasia analima ngoro za bondeni, na msimu ukifika anachuma kahawa kwa kibarua, kwenye miche aliyoipanda mama yake. Ladislaus bado anapiga harusi. Anatumia ile lenzi iliyokuja na kamera. Zile nyingine zimo sandukuni. Hauzi, na hafungui.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kifaa kizuri si dhambi, na kutaka kumpendezesha mama si dhambi. Lakini mtu akikuomba kazi, muulize kwanza anataka kionekane nini, ndipo uchague cha kukionesha. Hilo ndilo swali ambalo sikumwuliza Ladislaus kwa saa mbili zile. Na mzee akisema miguu yake haingoji, mwamini. Nenda siku hiyo hiyo, na ulicho nacho mkononi. Akinyoosha kidole, acha kumtazama yeye, tazama anakoonesha. Uso wa mama tunao hadi leo. Alichotaka tukione, hatukukiona.