Boti na Nyongeza Yake

Mie kwenye kupatana bei sina aibu. Nikitokea sokoni, wauza nyanya wanajifanya wanaongea na simu. Nakata bei mpaka muuzaji analalamika namuua, halafu akishakubali ndo kwanza namwomba nyongeza. Bei yake, nyongeza yangu. Mama alinilea hivyo kule Bukoba, na nimekaa Temeke miaka yote hii sijawahi kuona ubaya wake.

Jioni moja tulikwenda Kigamboni, njia ya Kimbiji, kuangalia boti. Mume wangu Brightson alikuwa karani kwa wakala mmoja wa mizigo, wakampunguza kazini. Ni mtu wa Kyela, kakulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hana hofu na maji hata kidogo. Akaja na wazo: tutafute boti iliyotumika, ile ya familia, yenye viti na kivuli, tuwe tunapeleka watu visiwani Jumapili. Na sie wenyewe tutembee na binti yetu Lusungu, mtoto wetu wa pekee, wa miaka sita, ambaye chombo alichowahi kupanda ni pantoni tu. Hela yetu ilikuwa ya kuungaunga. Boti zote tulizoziona kwenye simu zilitushinda. Hii moja ndo bei yake ilikuwa inasemeka.

Wenye boti walikuwa wazee wawili, Mzee Abbasali, aliyekuwa na duka la vipuri mjini kabla hajastaafu, na mkewe Bi Gulbahar. Waliishi na mjukuu wao Farheen. Tukawaamkia, wakatuitikia vizuri, wakatupeleka uani. Boti ilikuwa juu ya matofali, imefunikwa turubai. Mzee akalivuta turubai.

Jamani, ilikuwa nzuri! Faiba nyeupe, mstari wa bluu, viti vina mito yake. Brightson akaipapasa ubavuni, akanikonyeza. Mie nikamkata jicho, maana mnunuzi haonyeshi meno mbele ya muuzaji.

Ilinukia udi. Nani anafukiza boti? Na chini ya ule udi kulikuwa na harufu nyingine... tope la ufukweni maji yakishatoka.

Farheen alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, kajifunika shali na joto lote lile. Alikuwa na chupa kubwa ya maji. Anakunywa, anapumzika, anakunywa. Midomo yake ilikuwa imepasuka mpaka inatoa damu, na mkono wake mmoja ulikuwa na kovu la moto.

"Mtoto anaumwa?" nikauliza.

"Ana kiu tu," Bi Gulbahar akasema, akageukia pembeni.

Nikataja bei. Nilitaja ya kichokozi, ile ya kumfanya muuzaji acheke kwanza ndo tuanze. Mzee Abbasali akasema, "Sawa."

Sawa? Hata hajakuna kichwa! Nilikasirika, kusema kweli. Nilijiona nimetaja kubwa. Sasa nikatafuta pa kufidia.

"Haya mzee wangu. Na nyongeza je?"

Mzee akamtazama mkewe. Bi Gulbahar akaja taratibu, akasimama karibu yangu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Nyongeza unaitaka?" akanong'ona.

"Naitaka, kwa nini nisiitake?"

"Sema vizuri, mwanangu. Mume wangu asikie."

Nikacheka. Nilidhani ni zile tabia za wazee.

"Mama jamani! Naomba nyongeza. Kilichomo humo chote ni changu."

Akafumba macho. Machozi yakamshuka.

"Chukua," akasema.

Kule kwenye ngazi, Farheen akaweka chupa chini.

Sikupewa kitu mkononi. Nikadhani ni yale maboya ya kuvaa yaliyokuwa chini ya viti. Kesho yake tukaipakia kwenye lori la Kenta mpaka nyumbani, ikameza ua wote mpaka kamba ya kuanikia nguo ikakosa nafasi. Jirani yangu Zubeda akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Lusungu, mmeambiwa gharika inakuja lini? Mtuwekee nafasi na sie!"

Tukacheka sana siku hiyo.

Jioni iliyofuata nilikuwa naanua nguo. Adhana ya magharibi ilikuwa ndo imeisha. Nikasikia sauti ndani ya boti.

Chwaa...

Kimya.

Chwaa...

Sauti ya mtu anayechota maji kwa kopo na kuyamwaga nje. Taratibu, bila haraka, mtu aliyezoea hiyo kazi.

"Lusungu! Toka huko kwenye boti kabla sijaja na fimbo!"

"Nipo hapa, mama."

Alikuwa nyuma yangu, mlangoni.

Nikafunua turubai. Hakukuwa na mtu. Ndani kulikuwa kukavu, vumbi limetulia kwenye viti. Lakini chini, pembeni ya matofali, mchanga ulikuwa umelowa. Nikagusa. Sijui kwa nini nilipeleka kidole mdomoni. Chumvi.

"Mama," Lusungu akasema. "Nina kiu."

Nikampa kikombe. Akataka kingine. Akaomba jagi. Alikunywa huku ananiangalia, macho makubwa, mpaka likaisha. Kabla hajalala nikamwambia akakojoe. Akasema hana mkojo.

Wiki haikuisha, mwanangu alikuwa amebadilika. Ngozi ya mikono ukiivuta inabaki juu. Midomo ikaanza kuchanika. Analia bila machozi, na wewe mzazi jaribu kuangalia hicho kitu, mtoto anakunja uso analia na mashavu makavu. Tukamkimbiza hospitali. Wakapima sukari, wakapima figo, wakapima damu mara mbili, kila kitu kizuri. Wakamtundikia dripu. Ikaisha. Wakatundika nyingine. Muuguzi akamtazama mtoto, akatazama ile chupa tupu, akaniuliza kama nimeimwaga.

Giza lilipoanza kuingia wodini, Lusungu akageuza shingo kuelekea dirishani.

"Mama. Anachota."

"Nani anachota?"

"Yule wa nyongeza."

Sikuwahi kulitamka neno lile mbele yake. Kigamboni hatukwenda naye.

Kesho yake alasiri nikamwacha na baba yake, nikachukua bodaboda. Sikumwambia Brightson naenda wapi. Nilifika kwa Mzee Abbasali jua linazama, nikapiga hodi kwa ngumi. Geti likafunguliwa.

Farheen alikuwa uani anaruka kamba. Mashavu yamejaa. Anatoka jasho.

Nilisimama nikalitazama lile jasho linavyomteremka shingoni. Hasira iliyonipanda sikujua niipeleke wapi. Bi Gulbahar akatoka jikoni, akaniona, wala hakujifanya hanijui. Akakaa chini palepale mlangoni.

"Ni nani yule?" nikamuuliza. Shikamoo niliisahau.

"Hatujui, mwanangu. Aliyetuuzia alisema ni baharia. Wenziwe walimwacha achote maji peke yake mpaka chombo kikazama. Mganga mmoja akasema ni jini, hana hadithi yoyote. Mie najua kimoja tu. Anachota. Na akikosa maji ya boti, anayatafuta kwa mtoto wa mwenye boti."

"Kwa nini hamkuichoma?"

"Tulianza kuichoma." Akanyoosha kidole. "Mkono wa Farheen umeuona."

"Mngeitupa baharini!"

"Tuliiacha baharini. Aliendelea kumchota Farheen humu humu ndani. Hauzwi huyo, wala hatupwi. Anaombwa. Mwenye kumtaka amtake kwa mdomo wake. Na sie tuliomba, kama wewe. Abbasali alidhani anaongezewa nanga."

"Na hukuniambia! Wewe mama mzima, umeniona na mume wangu, hukuniambia!"

Alimwangalia Farheen anayeruka kamba, halafu akaniangalia mie.

"Ungekuwa wewe ungesema?"

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Aliinama tu, akayapokea yote. Njiani kurudi, nyuma ya bodaboda, nikagundua swali lake sijalijibu.

Siku iliyofuata hospitali wakatupa ruhusa na pakiti za dawa ya kuchanganya na maji. Walishachoka na sie. Asubuhi hiyo nikachukua kopo la rangi, nikaandika ubavuni mwa boti: INAUZWA. BEI MAELEWANO. Na namba yangu ya simu.

Jioni akaja mtu, anaitwa Albano, kijana mpole, na mkewe kabeba mtoto mgongoni. Nikataja bei ya chini kabisa. Albano akamtazama mkewe, macho yakamtoka kwa furaha.

"Dada, mie sina neno. Nakupa yote sasa hivi."

Nikasubiri. Akatoa hela, anazinyoosha. Nikasubiri.

Haombi! Mtu unampa boti kwa bei ya kutupa, ataombaje tena nyongeza? Ananionea huruma, mjinga huyu. Ndani ya boti ikaanza.

Chwaa...

Mtoto mgongoni mwa mama yake akageuza kichwa kuangalia turubai. Alikuwa na miguu minene, imevalishwa soksi za njano. Niliiona miguu ile vizuri sana. Halafu nikafumbua mdomo.

"Kaka... hutaki hata nyongeza?"

"Boti haiuzwi."

Ilikuwa sauti ya Brightson. Alikuwa mlangoni, kambeba Lusungu, kichwa cha mtoto kimelala begani kwake. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Braza, samahani sana, mke wangu kakosea. Haiuzwi. Nendeni nyumbani."

Albano akalalamika, mkewe akamvuta. Wakaondoka. Brightson akafunga geti, akaja mpaka nilipo.

"Mama Lusungu. Kule Kigamboni yule bibi alilia ulipoomba nyongeza. Leo unamlazimisha mtu aombe. Niambie."

Nikamwambia. Yote, mpaka ile miguu yenye soksi. Nilitamani anifokee. Hakufoka. Alimpapasa mtoto mgongoni, akafikiri kidogo, akaingiza mkono mfukoni. Akanipa sarafu.

"Nimenunua boti."

"Baba Lusungu, acha ujinga."

"Pokea. Umeniuzia boti, mke wangu. Wewe ndo ulimwomba yule, ni wako. Sasa nauliza, na nyongeza je?"

"Sitaki! Sikupi!"

Chwaa...

Lusungu akatetemeka begani kwake. Midomo yake ilikuwa nyeupe, imeshikana. Alijaribu kuifungua akashindwa.

Chwaa... Chwaa...

Ilikuwa inaongeza kasi. Haijawahi kuongeza kasi.

"Demetria," Brightson akasema. Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kuniita jina langu. "Sina mtoto mwingine. Mie mtu mzima, nina maji mengi, namwomba anichote mie, si mtoto, mpaka achoke. Naomba nyongeza."

Nikamtazama mume wangu. Nikamtazama mwanangu.

"Chukua," nikasema.

Kimya.

Ua mzima kimya. Hata redio ya Zubeda niliisikia kwa mbali sana.

Halafu Lusungu akainua kichwa.

"Mama... mkojo."

Nilimnyakua nikakimbia naye chooni, nalia na kucheka kwa pamoja, namwambia kojoa mama, kojoa mwanangu, kojoa yote. Zubeda akachungulia akadhani nimepata wazimu. Niliporudi uani, Brightson alikuwa amepiga magoti kwenye bomba, mdomo ameuweka palepale yanapotokea maji. Anakunywa. Hakuinuka mpaka nilipomgusa.

Lusungu sasa ni mzima. Anakwenda shule, anatoka jasho, anagombana na wenzake. Brightson anawaambia watu ana sukari. Mkanda wake kautoboa tundu jipya, na jana nimeona anakata kucha mpaka kwenye nyama bila kuhisi. Kila magharibi anakwenda kukaa kwenye ngazi ya mlangoni na ndoo yake, ananikataza nisimfuate. Anasema na yeye ndo mwisho, hatampa mtu mwingine mzigo huu, hata iweje. Kila asubuhi anachukua tambara na mafuta ya taa, anafuta yale maandishi yangu ubavuni mwa boti.

Akishalala, nayaandika upya. Sasa nyongeza ni yake, mnunuzi akiiomba mwenye kusema "chukua" ni yeye, najua. Lakini mtu akiwa na kiu ile, amelala nusu usingizi, ukimnong'oneza sikioni aseme neno moja ndo apewe maji, atalisema. Nimeshamjaribu.

Leo mchana simu imeita. Mwanamke, sauti changa, nyuma yake mtoto anaimba. Kaniuliza kama boti bado ipo, na kama bei inapungua, maana hela yao ni ya kuungaunga.

Nikamwambia ipo, mdogo wangu. Njoo jioni, tutaelewana.