Mapazia Yaliyohama Nyumba

"Umeniiga! Ukweli usemwe, Marva, umeniiga!"

"Nimekuiga wapi? Kwani rangi ya kijani umeizaa wewe?"

"Kijani chenye maua ya dhahabu! Mapazia yangu ya Divali hayo! Hata miezi miwili hayajamaliza dirishani, umeshakimbilia kununua kitambaa kilekile!"

Nilikuwa nakunywa chai barazani kwangu. Nikaiacha. Mimi Lystra ugomvi wa majirani siusikilizi kwa mbali, naogopa kuja kusimulia uongo. Nikavuka barabara, nikasimama penye uzio ambapo ningewaona wote wawili vizuri.

Upande huu alikuwa Dulari, mikono kiunoni. Upande ule alikuwa Marva, amekumbatia furushi la kitambaa kama mtoto mchanga.

Zilibaki wiki mbili Krismasi ifike. Hapa Trinidad, Krismasi bila mapazia mapya si Krismasi. Mgeni akifika huangalia dirisha kwanza, ndipo akusalimie. Hata Dulari, ambaye ni Mhindu na hutundika mapya siku ya Divali, Desemba ikifika hutundika mengine tena. Hakubali kupitwa.

"Na wewe je?" Marva akasema. "Mapazia yangu ya lasi nyeupe ya mwaka juzi uliyakodolea macho mpaka shingo ikakakamaa!"

"Nilikuwa naangalia vumbi!"

Nikacheka. Wote wakanigeukia.

"Lystra, unacheka nini?"

"Nakohoa tu."

Nyuma ya nyumba ya Marva kulisikika mlio, ko, ko, ko. Alikuwa mumewe, Rawle, juu ya ngazi. Alikuwa anaziba tangi la maji kwa lami na kipande cha ndala. Tangi hilo lilipasuka ubavuni mwezi wa Agosti. Tangu hapo halijai kupita nusu. Na mtaani kwetu maji ya bomba huja Jumanne na Ijumaa tu. Kiangazi kikianza, Januari, huja mara moja kwa wiki. Asiye na tangi zima hununua maji ya lori, na lori lile halina huruma na mtu.

Marva alijua. Alicheza upatu mwaka mzima kwa ajili ya tangi jipya, maana kiwandani Rawle alikuwa amepunguziwa kazi, siku tatu badala ya tano. Juzi zamu yake ya upatu ilifika. Asubuhi ya ugomvi huu akatoka na pesa zote kwenda mjini Arima kununua tangi. Njiani akapita duka la vitambaa.

Rawle alipomwona anarudi, aliuliza neno moja tu: "Tangi?" Marva akalikumbatia furushi, akatoka nje. Nadhani ndiyo maana alikuwa anampigia Dulari kelele vile. Alikuwa na makelele yake mwenyewe moyoni.

Hapo akaingia Tanti Ina. Tanti maana yake shangazi, na mtaa mzima tunamwita hivyo. Yeye ndiye fundi wetu wa mapazia. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni, mkasi mkononi.

"Haya, kitambaa kiko wapi?" akauliza. "Na kelele hizi ni za nini? Nimewasikia toka dukani."

Dulari akamweleza, Marva akamweleza, mimi nikaongeza walichosahau. Tanti Ina akachukua kitambaa, akakipapasa. Halafu akatazama kule nyuma, Rawle na ndala yake.

"Marva, mwanangu, umekikata?"

"Bado. Nakusubiri wewe na mkasi."

"Risiti unayo?"

"Ninayo. Kwa nini?"

Tanti Ina akautia mkasi kwenye mfuko wake. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Kwa sababu kitambaa kisichokatwa hurudishwa, ukiwahi ndani ya siku tatu. Mkasi ukishaingia, basi. Hapo tangi lako umelitundika dirishani."

Marva akatazama chini. "Tanti, mwaka huu wageni wanakuja kwangu. Dada zangu wote wawili na watoto wao. Niwape nini waangalie? Kuta tupu?"

"Nani kasema tupu? Miaka kumi na tisa nawashonea mtaa huu. Nyumba ishirini na mbili, zote zilijengwa kwa ramani moja. Nimepima kila dirisha. Ni sawasawa zote, isipokuwa dirisha la jikoni la Lystra, alilolipanua ili aone barabara."

"Ni kwa ajili ya hewa," nikasema.

"Hewa, ndiyo. Sasa nisikilizeni. Kabatini mwako, Marva, kuna mapazia mangapi?"

Marva akahesabu kwa vidole. "Lasi nyeupe. Ya njano. Na yale ya bluu."

"Yamechakaa?"

"Hata. Nimeyatundika Krismasi moja moja tu."

"Dulari, na wewe?"

Dulari alikuwa bado amenuna. "Seti nne, na hizi za kijani."

"Mmeona? Hamna shida ya mapazia nyinyi. Mmeyachoka tu. Lakini pazia ulilolichoka wewe ni jipya kwa jirani. Marva achukue ya kijani, Dulari achukue lasi. Nitawapindia pindo, nitawabadilishia utepe wa juu. Kazi ndogo, malipo madogo."

"Nivae nguo ya jirani dirishani?" Dulari akashtuka. "Watu watanicheka!"

"Watu gani?" Tanti Ina akanyoosha kidole, kikanifikia mimi. "Wa kucheka ni huyu, na huyu yuko hapa. Basi tumtumie. Lystra, pita nyumba zote. Waambie Jumamosi ijayo mtaa mzima unabadilishana mapazia. Kila mtu alete yaliyofuliwa na kupigwa pasi. Kila mtu akiondoka na ya mwenzake, nani atamcheka nani?"

Sijawahi kupewa kazi nzuri hivyo. Kabla ya saa tisa nyumba kumi na tano zilikuwa zinajua. Saba nilizibakiza kwa ajili ya kesho, nisimalize utamu.

Lakini kabla sijaondoka, Dulari alikuwa hajakubali. Alisimama pale akizungusha bangili zake.

"Lasi ile," akasema polepole, "ni ile yenye ndege chini?"

"Wewe si ulikuwa unaangalia vumbi?" Marva akauliza.

Dulari akajaribu kununa tena, ikashindikana. Akacheka mpaka akajishika kwenye uzio.

Jioni ileile Marva alirudi Arima na kitambaa chake na risiti yake. Mwenye duka alilalamika kidogo, akakipima, akakuta kimetimia, akamrudishia pesa. Jumatatu, lori likaleta tangi, jeusi, refu, linang'aa. Rawle aliligonga ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe. Ile ndala akanitupia mimi. Ilikuwa ya kwangu, kumbe.

Ilibaki habari ya zawadi. Marva ana wapwa tisa, na kila mwaka hununulia kila mmoja mdoli au gari la plastiki. Ikifika Januari magari hayana magurudumu.

"Pigia dada zako simu sasa, si siku yenyewe," Tanti Ina akamwambia. "Waambie hali ilivyo. Kila mtoto apate zawadi moja tu, kutoka kwa mtu mmoja. Mwandike majina, mchague kwa kura."

"Watanionaje, Tanti?"

Akapiga. Dada yake mkubwa akasema, "Ahsante Mungu. Nilikuwa naona haya kusema mimi." Marva alichukua majina matatu badala ya tisa.

"Na dada wenyewe?" nikauliza. "Hao utawapa nini?"

"Wewe Lystra kila mwaka unaniomba nini?"

"Pilipili yako ya chupa."

"Basi."

Pilipili anazo uani, limau anazo, chupa tulimkusanyia sisi. Chupa alizichemsha, akazikausha, akazijaza pilipili ya kusaga, akafunga shingo zake kwa vipande vya pazia bovu alilopewa na Tanti Ina. Alitengeneza chupa thelathini. Watu wanne waliomba kununua.

Jumamosi ya mabadilishano barabara yetu ilikuwa kama gulio. Mapazia juu ya kamba, mapazia juu ya magari, kina mama wanavutana kwa kicheko. Tanti Ina alishona pindo kutwa nzima, na kwa nyumba nyingi vile, malipo yake madogo madogo yakawa mengi. Mimi nilipata ya maua mekundu, nikakosa tu ya dirisha la jikoni.

Siku ya Krismasi wageni wa Marva walifika mapema. Dada yake mkubwa alisimama mlangoni, akaangalia dirisha, kisha ndipo akasalimia. "Mapazia mapya! Umepata wapi pesa mwaka huu?" Marva akamwambia kweli yote. Yule dada hakucheka. Aliuliza kama huyo Tanti anaweza kuja mtaani kwao mwakani.

Mimi nilikuwa ndani tayari, sahani ya pili. Nikamwona Dulari kwenye geti. Amevaa vizuri, ameshika bakuli la vitamu vya maziwa. Haingii. Anaangalia mapazia yake ya kijani jinsi upepo unavyoyainua.

"Yamekaa vizuri zaidi kwako," akasema. "Inaniuma kidogo, nisidanganye."

"Lasi nayo imekaa vizuri zaidi kwako," Marva akajibu kutoka mlangoni. "Asubuhi niliikodolea macho mpaka shingo ikakakamaa. Mbona umesimama juani? Ingia."

"Nyumba imejaa nyama, Marva, nami siili. Nimeleta hivi tu, narudi."

"Unarudi wapi? Nimekupikia vya kwako peke yako. Unga wa mahindi na dengu, ndani ya jani la mgomba, sufuria yake yenyewe, nyama haikuiona. Ukiondoka atavimaliza Lystra."

Dulari akanitazama. Nikatafuna polepole, nikaangalia dari.

"Bomba la tangi liko pale nyuma," Marva akasema, akimpokea bakuli. "Leo si siku ya maji, lakini fungua tu. Nawa mikono, uje ule."