Maji ya Zamu ya Rwekaza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Joyness alishuka bondeni Kagoma kutazama jaruba la mpunga la baba yake, Mzee Kyaruzi. Tangu mama yake afariki, kazi hiyo ilikuwa yake. Msimu huu Kyaruzi alilima kwa njia mpya: alipanda mche mmoja mmoja kwa nafasi, na hakujaza maji. Aliacha udongo ukauke mpaka uanze kufanya nyufa, ndipo aunyweshe tena.

"Mizizi ishuke chini ikatafute," alisema. "Ikilelewa dimbwini inakuwa mivivu kama wakubwa wa ofisini."

Lakini wanafunzi wenzake hawakumwacha Joyness apumue.

"We Joyness," Dastan alimwita wakitoka shule, "baba yako analima mpunga au anafyatua matofali?"

"Mkivuna mtatualika wali wa vumbi!" Evelyne akadakia.

Joyness aliona aibu. Badala ya kwenda nyumbani, akateremka bondeni. Mferejini maji yalikuwa yakienda kwa jirani wa chini, Mzee Rwekaza. Ilikuwa zamu yake, na mpunga wake ulikuwa unachanua. Joyness akang'oa gogo la mgomba lililoziba mlango wa jaruba lao, akauziba mfereji kwa gogo hilo hilo. Maji yakageuka, yakajaa kwao pomoni. Akarudi nyumbani, asimwambie baba yake.

Asubuhi yake Rwekaza aliingia uani, jembe mkononi.

"Kyaruzi! Mwizi mkubwa! Mpunga wangu ukikosa maji sasa, nitavuna mapepe matupu!"

"Mwizi mimi? Kawaulize kamati ya mfereji! Maji wanawapa ndugu zao, sisi wanatuachia matope."

"Kamati imeshaliona gogo lako. Unakatiwa maji msimu mzima!"

"Hiyo ndiyo kazi pekee wanayoijua!" Kyaruzi naye akanyanyua jembe lake.

Joyness akamkimbilia baba yake. "Tata, ni mimi. Niliyageuza mimi. Wenzangu walikuwa wananicheka kwa jaruba letu kavu."

Kyaruzi alishusha jembe polepole. "Ukakaa kimya mpaka tukaribie kupasuana vichwa?"

Wakashuka bondeni wote watatu. "Litoe. Peke yako," baba aliamuru. Joyness akalivuta gogo topeni huku akilia, na hakuna aliyemsaidia. Kisha Kyaruzi akamgeukia jirani yake.

"Zamu yangu ijayo chukua wewe. Mpunga wangu haujachanua, na kiu umeshaizoea."

"Nitachukua," Rwekaza alijibu. "Asante usiingojee."

Joyness alipoungama mbele ya kamati, waliifuta adhabu, shingo upande.

Njiani kurudi, Kyaruzi alisimama. "Wakikucheka, waache wacheke. Na hao wakubwa wa kamati wanaotupunja maji, nitawasema mpaka naingia kaburini. Lakini jana aliyemwibia Rwekaza si mkubwa yeyote. Mwizi alitoka nyumbani kwangu. Ukichukia kudhulumiwa, mwanangu, usimdhulumu jirani. Na ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."