Mkanda wa Pindo

Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo aliloshona yeye halikufumuka. Alifanya kazi barazani, mbele ya duka la vitambaa, pamoja na mwenzake aliyeitwa Redio. Jambo likitokea mtaa wa tatu asubuhi, mchana limeshafika kwenye cherehani ya Redio, limekatwa, limeshonwa na kuongezwa marinda.

Pindo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Siku moja akioga aliona mistari myeusi chini ya kitovu. Akaisugua kwa dodoki. Haikutoka. Redio akamwambia kwamba hiyo ni michirizi, na kwamba yuko mwanamke aliyeachwa na mumewe kwa sababu ya michirizi hiyo. Jina la mwanamke huyo Redio hakulijua, ila habari zake alizijua zote.

"Tumbo likiwa kubwa, ngozi inachanika," alisema. "Lizuie mapema, shoga yangu."

Pindo aliwaza kifundi. Kitambaa kinachovutika hutiwa bitana, kikatulia. Basi akashona mkanda mpana wa turubai, wenye kulabu, akajifunga tumbo likakaza. Kisha akapunguza chakula. Kazini alisema atakula nyumbani. Nyumbani alimwambia mumewe, mchomea vyuma, kuwa ameshakula kazini. Mume alifurahi kwamba mkewe ana marafiki wakarimu.

Mara kwa mara Pindo alijipima kwa futi yake ya kazini. Namba ilipokataa kusogea, alicheka peke yake.

Siku ya kliniki mumewe alimsindikiza. Mkunga, mama mnene mwenye masihara, alimwambia Pindo apande kitandani afunue tumbo. Pindo akang'ang'ania gauni.

"Mficha uchi hazai, mama," mkunga alisema. "Na wewe umeshafika mbali, huwezi kurudi."

Pindo akafunua. Mkunga akaukuta mkanda. Alifungua kulabu moja moja, akaona jinsi turubai lilivyoacha alama mwilini. Akatoa futi, akapima kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba. Akarudia. Pindo alizoea namba za futi, hata zikiwa kichwa chini alizisoma. Tumbo lilikuwa vilevile kama mwezi uliopita. Akatabasamu.

Mkunga hakutabasamu.

"Mtoto wako hakui inavyotakiwa," alisema. "Unakula nini?"

Mume alimjibia kwamba anakula sana, tena kwa watu. Hapo Pindo akaanza kulia, akasema yote: mkanda, njaa, na yule mwanamke aliyeachwa.

"Nani kakwambia nitakuacha?" mume aliuliza.

"Redio."

"Redio nimemuoa lini?"

Pindo alicheka huku machozi yanamtoka. Mkunga akavuta kiti, akamuuliza kama mama yake ana michirizi. Anayo, Pindo akasema, na dada yake pia.

"Basi umerithi," mkunga alisema. "Si ugonjwa, wala si uchafu. Mimba inalainisha ngozi, na mtoto anaivuta. Hakuna mkanda wala mafuta ya kuizuia kabisa. Ukijinyima chakula, anayekonda ni mtoto."

Akamweleza apake mafuta ya kawaida, yasiyo na manukato makali, taratibu baada ya kuoga. Hayafuti michirizi, ila hupunguza ukavu na mwasho. Krimu kali na za kung'arisha ngozi asiziguse, na yoyote yenye dawa aulize kwanza, maana nyingine humdhuru mtoto. Akiwashwa sana, hasa viganja na nyayo, aje kliniki mara moja, kwani huenda ini lina shida. Baada ya kujifungua, michirizi hupauka yenyewe polepole. Ikimkera bado, daktari wa ngozi ana tiba za kuipunguza, ingawa hakuna inayoimaliza yote.

Siku hiyohiyo Pindo alipigwa picha ya tumbo. Mtoto alikuwa mdogo, lakini moyo wake ulipiga vizuri. Mkunga akataka kumwona tena baada ya wiki moja.

Tangu hapo, kila mchana mchomea vyuma alifika barazani na sufuria ya chakula, akasimama hadi mkewe amalize. Redio alinuna kwanza alipoelezwa ukweli. Alipoonjeshwa mboga, uso ukakunjuka. Kliniki zilizofuata, futi ilisogea, na mkunga akawa anaimba akiikunja.

Mtoto alizaliwa na uzito mzuri na sauti ya kuamsha mtaa. Michirizi ilikuwa imeongezeka hadi mapajani. Mtoto alipoanza kutambaa, ilikuwa imepauka, na Pindo alishaacha kuitazama.

Siku moja akaja mteja mjamzito. Alitaka gauni la kubana tumbo, lisionekane. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ngozi yake imeanza kuharibika.

Pindo alimpima, akaacha nafasi ya kutosha kiunoni. Kisha akavuta kigoda, akafunua sufuria yake.

"Gauni utalipata, mdogo wangu," alisema. "Kwanza niambie. Leo umekula?"